Mbivu Zilizoliwa na Wengine

Katika filamu nzima champali hukatika mara mbili. Mara ya kwanza ni ya Nita, binti anayerudi nyumbani kwa miguu na ujira wake wa kufundisha watoto wa watu. Mkanda unakatika, anasimama, anautazama, kisha anaendelea na njia kana kwamba jambo lenyewe halimhusu. Mwezi umeanza, na nyumbani kila mmoja ameshaipangia matumizi ile fedha aliyoifumbata. Kaka yake anataka senti za kinyozi. Mdogo wake wa kike anataka sari. Mdogo wa kiume anataka viatu vya kuchezea mpira. Champali mpya haimo katika hesabu, na mwenye miguu ndiye wa kwanza kuisahau. Mara ya pili ni mwishoni kabisa, na ni ya msichana mwingine ambaye jina lake hatuambiwi. Kaka yake Nita anamwona, naye msichana anamtupia tabasamu la haya, anajikusanya, anaendelea na safari. Ritwik Ghatak, mwongozaji wa filamu hiyo, hakuhitaji kueleza zaidi. Njia ni ile ile, mkanda ni ule ule, zamu ni ya mwingine.

Filamu inaitwa Meghe Dhaka Tara, yaani nyota iliyofunikwa na wingu. Ilitoka Kolkata mwaka 1960, na aliyeigiza Nita ni Supriya Chowdhury, ambaye Wabengali walikuja kumjua zaidi kwa jina la Supriya Devi. Nimeitazama mara nyingi ile sehemu ya kwanza, na kila nikiitazama macho yangu huuacha uso wake yakashuka miguuni. Miguu ile ilikwisha kutembea. Supriya alizaliwa tarehe 8 Januari 1933 huko Myitkyina, mji wa kaskazini ya Burma, kwa baba Mbengali aliyekuwa wakili na mpenzi wa tamthilia. Akiwa na miaka saba tu alikuwa ameshapanda jukwaani katika michezo ya baba yake. Mwaka 1942 majeshi ya Japani yakaingia Burma, na mamia ya maelfu ya Wahindi waliokuwa wakiishi huko wakakimbia. Wenye uwezo walipata meli au ndege. Wengine walipita msituni, matopeni na milimani kuelekea Assam na Bengal, huku malaria, kipindupindu na njaa vikiwapunguza njiani, na makumi ya maelfu hawakufika. Familia ya Supriya ilikuwa miongoni mwa waliotembea. Yeye alikuwa na miaka tisa. Mwaka uliofuata, katika Bengal ileile waliyoikimbilia, ikaja njaa kuu ya 1943, ambayo makadirio mengi yanasema iliua watu wapatao milioni tatu. Halafu 1946 zikaja ghasia za Kolkata, Wahindu na Waislamu wakiuana mitaani, na Agosti 1947 Bengal ikakatwa vipande viwili, kati ya India na Pakistan.

Sitaki kusema kwamba mtu huigiza vizuri kwa sababu aliteseka utotoni. Wapo walioteseka mno na hawakuweza kutuonyesha chochote, na wapo walioishi kwa raha wakatutoa machozi. Lakini Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ninapomwona Supriya akisimama njiani na champali iliyokatika, naona mtu ambaye hakufundishwa namna ya kuburuza mguu uliochoka. Haombi huruma yetu. Hata hasira hana. Mwili wake umekwisha kukubali kwamba safari lazima iendelee, na kukubali huko, kwa binti wa umri ule, ndiko kunakonitia simanzi kuliko machozi yoyote yanayofuata.

Ghatak naye alikuwa na njia yake. Alizaliwa Dhaka mwaka 1925, akalelewa mashariki ya Bengal, na mstari wa mpaka ulipochorwa akajikuta upande wa pili wa nyumbani kwao. Maisha yake yote hakuusamehe mstari ule. Wakimbizi waliovuka kutoka mashariki walijenga vibanda kando ya Kolkata, katika ardhi waliyoivamia kwa sababu hawakuwa na nyingine, na vitongoji hivyo vikawa miji ndani ya mji. Familia ya Nita inaishi katika kitongoji kama hicho. Baba ni mwalimu anayeghani mashairi ya Kiingereza huku paa likivuja, mama yuko jikoni, kaka anayeitwa Shankar hafanyi kazi yoyote isipokuwa kujifunza kuimba. Wengine wangetengeneza filamu ya mpaka kwa kuonyesha askari, moto, garimoshi lililojaa maiti. Ghatak ameuonyesha mpaka ndani ya mkoba wa binti mmoja, katika noti chache za mwanzo wa mwezi. Nchi iliyokatwa imeshuka hadi kwenye familia, na familia imemtafuta mtu wa kuubeba uzito huo. Mara nyingi mtu huyo ni binti mwenye bidii.

Kuna mama katika filamu hii ambaye watazamaji wengi humchukia, nami nilimchukia. Nita ana mchumba, Sanat, kijana msomi ambaye Nita humsaidia kwa mapato yake ili amalize utafiti wake. Mama anawatazama wawili hao na kupiga hesabu ambayo hawezi kuitamka: huyu akiolewa, tutakula nini? Sanat anapofika nyumbani, Ghatak anamwonyesha mama uso kwa uso, na sauti ya chakula kinachochemka jikoni inapanda, inapanda, mpaka inakuwa sauti ya woga wake. Baadaye mama anamwachia njia binti mdogo, Gita, aliye mrembo na asiyejinyima, amvutie Sanat kwake. Na Sanat anavutika. Sasa ninapomtazama mama yule naona kitu kigumu zaidi kuliko ubaya. Yeye alikuwa mke wa mwalimu katika nchi yenye mito na bustani. Leo ni mama wa watoto wanne katika kibanda cha mianzi, na sufuria yake ina mlinzi mmoja tu. Njaa imemfundisha kumpenda mwanawe kama ng'ombe wa maziwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na waliposema hivyo sidhani kama walimaanisha adui pekee. Huenda walijua pia kwamba watu tunaolala nao chumba kimoja, wanaotuita kwa majina ya utotoni, wanaweza kutumaliza polepole na bado wakatulilia kwa dhati tukifa.

Siku Nita anapokwenda kwa Sanat, katika makazi yake mapya, anatambua kwamba kuna mwanamke mwingine ndani. Anageuka, anashuka ngazi. Hapo Ghatak anafanya jambo ambalo lilinishtua na bado linanishtua: tunasikia mjeledi. Hakuna mjeledi popote, hakuna punda wala farasi, hakuna sababu yoyote katika hadithi ya mlio huo kuwepo, lakini unasikika, mara moja na tena, huku Supriya akiteremka na mkono wake umeshika koo, uso umeinuliwa kidogo, macho yakitazama mahali ambapo sisi hatuoni. Mlio huo unarudi usiku mmoja wakati Nita na Shankar wanapoimba wimbo wa mshairi Tagore. Harusi ya Gita na Sanat imekaribia, watu watamtaka Nita aimbe, na kaka yake anamfundisha. Wanaimba gizani, mwanga ukipita katika matundu ya kuta za mianzi, na mjeledi unaingia chini ya wimbo mpaka Nita anavunjika na kulia kwa kwikwi.

Mwigizaji mwingine angeijaza nafasi ile kwa uso. Angekunja midomo, angefumba macho, angetuonyesha maumivu ili tusipate shida ya kuyatafuta. Supriya anafanya kidogo sana. Huu ndio uigizaji ninaouheshimu kuliko wote, ule unaomwachia mtazamaji kazi ya kuhisi. Na ikumbukwe kwamba wakati huo alikuwa nyota wa sinema za kawaida, mrembo wa mabango. Mwaka mmoja kabla ya filamu hii alikuwa ameigiza katika Amrapali, filamu ya kahaba mashuhuri wa Vaishali ya kale. Ghatak aliuchukua uzuri ule akauvika sari ya kazini, akaupiga mwanga kutoka chini na kutoka ubavuni, mara nyingine akamtazama kwa karibu mno mpaka uso ukajaa kioo kizima cha sinema na kuwa wa watu wengi kuliko mmoja. Katika filamu tunaambiwa Nita alizaliwa siku ya sikukuu ya Jagaddhatri, mungu mke wa Wabengali anayeubeba ulimwengu. Katika sauti za filamu kuna pia nyimbo za kiasili za kumuaga Uma, binti anayeondoka kwa wazazi wake kwenda milimani kwa mumewe. Wabengali humwabudu binti huyo, humpamba, humwimbia, kisha humtosa mtoni. Ghatak alitaka tuyaone yote mawili katika uso mmoja, ibada na kutoswa. Ilihitaji mwigizaji ambaye angekubali kuwa mungu mke bila kuacha kuwa mtu aliyechoka.

Hapa ndipo nafsi yangu hugombana na methali nilizolelewa nazo. Mvumilivu hula mbivu. Subira huvuta heri. Nani kati yetu hakuambiwa maneno haya akiwa mtoto, na nani hakuyarithisha? Wazee wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam waliotazama filamu za Kihindi enzi hizo wanaikumbuka Mother India ya mwaka 1957, na Nargis akivuta jembe shambani pamoja na wanawe wadogo. Mateso ya mama yule yana malipo: akizeeka, kijiji kizima kinamwita afungue mfereji mpya wa maji, kinamvika shada la maua. Filamu ile ni kubwa, na sina neno nayo. Lakini tazama inavyotuliza. Tunatoka ukumbini tukiamini kwamba uvumilivu huwekwa mahali fulani kama akiba, na siku moja mwenyewe atarudishiwa. Meghe Dhaka Tara ilikuja miaka mitatu baadaye na kusema kweli nyingine. Mbivu zinaliwa, naam, ila zinaliwa na wengine. Gita anaolewa. Sanat anapata kazi. Shankar, ambaye muda wote alikuwa akidharauliwa kwa uimbaji wake, anakwenda Bombay na kurudi mwimbaji mashuhuri. Nyumba itapandishwa ghorofa. Kila mti aliounyweshea Nita umezaa, na yeye yuko katika chumba cha nje, peke yake, akikohoa.

Jinsi Shankar anavyogundua ugonjwa wake ni tukio ambalo moyo wangu hauwezi kulizoea. Anamkuta dada yake anaficha kitu kwa haraka. Zamani Nita alikuwa akificha barua ya Sanat, ile ambayo ndani yake Sanat alimfananisha na nyota nyuma ya mawingu, na Shankar akadhani mambo ni yale yale. Anamtania, anamnyang'anya kwa kucheza, na anachokiona mkononi mwake ni kitambaa chenye damu. Kifua kikuu. Utani wa utotoni umefungua mlango wa kifo. Baba mzee anainua kidole na kushitaki; anapoulizwa anamshitaki nani, mkono unashuka, hana wa kumtaja. Nimefikiri sana juu ya kidole kile kinachoshuka. Aliyechora mpaka yuko mbali, wenye serikali wako mbali, na waliopo karibu wote wamekula.

Nita mwenyewe anasema jambo zito kuliko baba yake. Anapokutana tena na Sanat, aliyejaa majuto, hamlaani. Anajihukumu yeye: kosa lake, anasema, ni kwamba hakuwahi kupinga dhuluma aliyotendewa. Wengine huisikia kauli hii kama unyonge wa mwisho, dhaifu anayejitwisha hata lawama. Mimi naisikia vingine. Supriya anaitamka kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyapima mambo na kupata jibu, na jibu hilo linatugusa sisi tuliokuwa tukimsifu. Tangu mwanzo wa filamu tumekuwa tukisema moyoni, binti mwema huyu, binti wa dhahabu. Tulikuwa tunamsifu ili aendelee. Sifa ni malipo rahisi kuliko yote. Jamii inayomwita mwanamke nguzo ya nyumba mara nyingi haina mpango wa kumwondolea paa kichwani.

Kisha inakuja milima. Tangu utotoni Nita na Shankar walikuwa na ndoto ya kwenda milimani, na sasa amefika, kwa sababu hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu iko huko Shillong. Shankar anamtembelea. Anamsimulia habari za nyumbani, nyumba mpya, mtoto wa Gita anayekimbiakimbia na kucheka. Na mara, katikati ya maneno hayo ya kawaida, Nita anapasuka. Anamlilia kaka yake kwamba yeye alitaka kuishi, kwamba anapenda kuishi, amwambie kuwa ataishi. Kamera inamwacha inazunguka juu ya vilima, na kilio kinarudi kutoka kila upande, mpaka hujui tena kinatoka kifuani mwake au ardhini. Sinema ya Bengal haina sauti inayojulikana kuliko hiyo. Nafikiri imedumu kwa sababu si ombi la haki, si la shukrani, si la mapenzi ya Sanat. Mtu aliyekuwa akitoa tangu ukurasa wa kwanza wa maisha yake anataka kitu kimoja kwa ajili yake mwenyewe, na ameanza kukitaka wakati hakipo.

Mwaka uliofuata Ghatak alimwita tena Supriya katika Komal Gandhar, awe Anasuya, mwigizaji katika kikundi cha tamthilia kilichogawanyika kama nchi ilivyogawanyika. Humo mna sehemu ambapo yeye na mwenzake Bhrigu wanasimama ukingoni mwa mto Padma; ng'ambo ni Bengal ya mashariki, nyumbani, na reli iliyokuwa ikiwapeleka huko sasa inaishia hapo kwenye kizuizi. Kamera inakimbia juu ya reli hadi inapogonga mwisho wake na picha inakuwa nyeusi. Watazamaji hawakuipokea filamu hiyo, na Ghatak aliumia. Pombe na maradhi vilimmaliza, akafa Februari 1976 akiwa na miaka 50. Sifa nyingi za dunia kwake zilikuja akiwa kaburini, na hilo nalo linafanana mno na hadithi aliyoisimulia.

Supriya hakufanana nayo. Hili ndilo ninalotaka kulisema kwa nguvu, kwa sababu wapenzi wa sinema tuna tabia mbaya ya kumfungia mwigizaji ndani ya mhusika wake, tukamtaka aishi maisha yake yote akikohoa Shillong ili sisi tuendelee kumlilia. Ndoa yake ya 1954, iliyomzalia binti mmoja, ilivunjika. Alipenda tena. Uttam Kumar, shujaa mkuu wa sinema ya Kibengali, ambaye alianza naye katika Basu Paribar mwaka 1952, aliondoka nyumbani kwake mwaka 1963 akaenda kuishi naye mtaa wa Moira, na wakakaa pamoja hadi Uttam alipofariki Julai 1980. Uttam alikuwa na mke wa ndoa, na uchungu wa mke huyo ni wa kweli, siutii kapuni. Lakini katika mambo ya aina hii lawama huwa na mazoea yake, huanguka kwa mwanamke kwanza na kukaa kwake zaidi, na Supriya aliibeba hadharani kwa miaka 17 bila kujificha nyuma ya pazia. Alichokitaka alikisema. Aliendelea kuigiza, akawa mke, malkia, mama, bibi. Mwaka 2006 alionekana hata katika The Namesake ya Mira Nair, mwongozaji ambaye Kampala inamjua kama mkazi wake. Mwaka 2014 India ikampa nishani ya Padma Shri. Alifariki Kolkata tarehe 26 Januari 2018, akiwa na miaka 85.

Na katikati ya hayo yote alikuwa na kipindi cha mapishi katika runinga, Benudir Rannaghar, yaani jikoni kwa Dada Benu, kwani Benu ndilo jina la nyumbani alilopenda watu wamwite. Kuna wanaoandika juu ya maisha yake na kukipitia kipindi hicho haraka, kana kwamba ni jambo la kumstiri baada ya kazi kubwa ya Ghatak. Mimi sikipiti. Katika nyumba ya Nita chakula kinachemka tangu mwanzo hadi mwisho na hakuna anayemwuliza binti yule anapenda kula nini. Supriya alikaa mbele ya kamera, mtu mzima, amependeza, akaeleza hilo hasa: anachokipenda, kinavyopikwa, na nani atakaribishwa mezani pake.